Marehemu Kaacha Hisa, Kodi Inataka Pesa

Wadau, leo naomba tuongee habari za kufa. Najua si mada ya kuchangamsha kijiwe, lakini kuna kesi moja ya Marekani nimeisoma na imenikalia kichwani wiki nzima. Inahusu ndugu wawili, kampuni yao, na mamlaka ya kodi. Nadhani ina la kutufundisha hata sisi tulio huku, tunaojiona hatuna cha kurithisha.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili tusizungushane. Kampuni kununua hisa za mwanahisa aliyefariki, ili warithi wapate pesa ya kulipa kodi, ni jambo jema. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba Marekani iliweka utaratibu huo kwa ajili ya wenye viwanda vidogo na maduka ya familia, halafu ikauacha ukawa zawadi kwa matajiri wakubwa. Wakati huohuo inamkaba mgeni mwenye akiba ya kawaida tu. Na hao wenye kampuni za familia, mara nyingi kinachowaumiza ni kutoandikiana kuliko kodi yenyewe.

Tuanze na tatizo lilipo.

Marekani inatoza kodi kwenye mali aliyoacha marehemu kabla warithi hawajagawana. Wasioipenda wanaiita "kodi ya kifo". Kiwango chake cha juu ni asilimia 40, na inatakiwa ilipwe ndani ya miezi tisa tangu siku ya kifo. Inalipwa kwa pesa. Ukiwa umeacha pesa benki, sawa. Ukiwa umeacha hisa za Coca-Cola, msimamizi wa mirathi anampigia simu dalali, anaziuza, mambo yanakwisha. Je, ukiwa umeacha hisa za kampuni ya familia inayouza mabati? Nani atazinunua?

Hilo si swali la kejeli. Hisa za kampuni kama hiyo haziko kwenye soko la hisa. Mtu wa nje akinunua asilimia 20, wenye asilimia 80 ndio watakaoamua kila kitu: gawio litolewe au lisitolewe, wajilipe mishahara gani, kampuni ikope au isikope. Yeye atabaki anasoma mihutasari ya vikao. Nani ana akili timamu aweke pesa yake hapo?

Ushahidi upo Korea Kusini. Kim Jung-ju, mwanzilishi wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Nexon, alifariki Februari 2022. Korea Kusini ni kati ya nchi zenye kodi kali za mirathi duniani. Kiwango cha juu ni asilimia 50, na hisa za mwenye kudhibiti kampuni zinaweza kuongezewa tena. Familia yake haikuwa na pesa taslimu za kutosha, hivyo mwaka 2023 ikaikabidhi serikali hisa zenyewe: asilimia 29.3 ya NXC, kampuni mama ya Nexon, zilizothaminiwa won trilioni 4.7. Desemba mwaka huohuo serikali ikazipiga mnada, tena mara mbili. Hakujitokeza mnunuzi. Serikali nzima, yenye nguvu zote za dola, ilikuwa na karibu theluthi ya kampuni kubwa na katika minada hiyo haikupata mtu wa kuichukua, kwa sababu familia ndiyo iliyobaki na usukani. Agosti 2024 NXC yenyewe ikanunua sehemu ya hisa zilizobaki mikononi mwa familia, ili familia imalizie kodi yake.

Mnaona tunapofika? Mwisho wa siku mnunuzi wa uhakika wa hisa za namna hii ni kampuni yenyewe. Kampuni ina pesa na warithi wana hisa. Kampuni inachukua sehemu ya hisa hizo na kuzifuta, inawapa warithi pesa, na warithi wanalipa kodi. Familia inabaki na kampuni, na wafanyakazi wanabaki na ajira zao.

Hapo ndipo sheria ya Marekani inapoanza kunoga.

Kwa kawaida, kampuni ya familia ikinunua hisa kutoka kwa mwanafamilia, mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, inakodoa macho. Fikiria mtu anayemiliki hisa zote 100 za kampuni. Akiiuzia kampuni hisa 50, anabaki na 50, lakini ndizo zote zilizopo. Bado anamiliki kila kitu, isipokuwa sasa ana pesa mfukoni. Kwa maneno mengine amejilipa gawio na kuliita mauzo. Kwa hiyo sheria inasema: hilo ni gawio, litozwe kodi ya gawio kwa kiasi chote.

Mwaka 1950 Bunge la Marekani likaona kwamba kwa mirathi kanuni hiyo inaumiza watu bila sababu. Warithi hawauzi hisa kwa ujanja; wanauza kwa sababu serikali hiyohiyo inawadai. Wakishindwa kuiuzia kampuni yao, watalazimika kuiuza kampuni nzima kwa mshindani mkubwa aliye jirani, na taifa litabaki na makampuni makubwa matupu. Ndipo likaweka msamaha ambao leo unajulikana kama Kifungu cha 303 cha sheria ya kodi.

Msamaha wenyewe uko hivi. Kama hisa za kampuni ni zaidi ya asilimia 35 ya mali ya marehemu baada ya kutoa madeni na gharama, kampuni inaweza kununua kiasi cha hisa kinachotosha kodi za kifo na riba yake, pamoja na gharama za mazishi na za kusimamia mirathi. Ununuzi huo unahesabiwa kuwa ni mauzo. Tena sheria inachukulia kwamba mrithi alizipata hisa kwa thamani ya siku marehemu alipofariki, hivyo akiziuza muda mfupi baadaye kwa bei hiyohiyo hana faida ya kutozwa.

Tupige hesabu ya mfano. Mtu kafariki mwaka 2026, kaacha dola milioni 20, na kati ya hizo milioni 12 ni hisa za kampuni yake. Hisa ni asilimia 60, kwa hiyo kigezo amekivuka. Milioni 15 za kwanza hazitozwi. Milioni 5 zilizobaki zinatozwa asilimia 40, yaani milioni 2. Kampuni ikiwapa warithi milioni 2 kwa njia ya gawio, kodi ya gawio ingeweza kula dola 400,000 na zaidi. Kwa Kifungu cha 303, inakula karibu na sifuri.

Mpaka hapo nadhani wengi tuko pamoja. Sasa niseme ninapokwaruzana nao.

Mwaka 1950 msamaha huo ulipowekwa, mali isiyotozwa kodi ya mirathi ilikuwa dola 60,000. Kwa pesa ya leo ni kama dola 800,000. Aliyeguswa na kodi wakati ule angeweza kuwa mtu mwenye karakana, mashine tatu na wafanyakazi kumi na tano. Kwake yeye msamaha ulikuwa na maana kweli.

Leo kiasi kisichotozwa ni dola milioni 15 kwa mtu mmoja, kuanzia mwaka 2026, kwa mujibu wa sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025. Mume na mke ni milioni 30. Mwenye karakana hayumo tena. Katika kila Wamarekani mia wanaofariki, hata mmoja hafiki kulipa kodi hii. Waliobaki ndani ni wenye fedha nyingi, wenye wanasheria, na wenye watu wa kuwapangia mambo miaka ishirini kabla ya kufa.

Na sheria haimtaki mrithi athibitishe kwamba pesa ya kampuni imekwenda kulipa kodi! Inaweka ukomo wa kiasi basi. Marehemu anaweza kuwa ameacha milioni kadhaa benki, warithi wakalipa kodi kwa pesa hizo, halafu bado wakachota kampuni kiasi kilekile kwa msamaha ule wa mwaka 1950. Pesa hiyo inaweza kwenda kununua boti. Hakuna atakayewauliza.

Hivi hiyo ndiyo huruma Bunge lililokuwa nayo? Mtu aliyesamehewa kwa sababu hana pesa, tunamwachia msamaha hata kama pesa anazo?

Kuna watakaosema: "Wewe mwandishi una wivu, hiyo ni mali yao na kampuni ni yao." Sawa, tuijadili hoja hiyo. Kampuni ni yao, lakini pesa iliyomo ndani ya kampuni ina kazi. Inalipa mishahara mwezi mauzo yanapodorora, na ndiyo inayonunua lori jipya la zamani likifa. Dola milioni 2 zikitoka ghafla, anayepunguzwa kazi ni mtu wa stoo, wala hakuwahi kuambiwa kwamba ajira yake ilikuwa inategemea afya ya bosi. Zikitoka kwa sababu kodi inadaiwa na hakuna njia nyingine, tuvumilie. Zikitoka ili kuwapa warithi pesa isiyotozwa wakati dharura haipo, hapo mimi naona serikali inachangia kuikamua kampuni.

Na si kwamba warithi hawana mlango mwingine. Sheria hiyohiyo ya Marekani, Kifungu cha 6166, inamruhusu mwenye mirathi iliyojaa biashara ya familia kulipa kwa awamu: miaka ya mwanzo riba tu, halafu mafungu ya kila mwaka, yote kwa jumla hadi miaka 14. Mlango upo, na ni mpana. Ningekuwa mbunge wao ningeongeza mstari mmoja tu kwenye 303: leta risiti ya kodi, ndipo upate msamaha.

Sasa twende kwenye ile kesi niliyoitaja. Inaitwa Connelly dhidi ya Marekani, na iliamuliwa na Mahakama ya Juu Juni 6, 2024.

Michael na Thomas Connelly walikuwa ndugu, na walimiliki Crown C Supply, kampuni ya vifaa vya ujenzi huko St. Louis, Missouri. Michael alikuwa na asilimia 77.18, Thomas asilimia 22.82. Walikubaliana kwamba mmoja akifariki, aliyebaki apewe nafasi ya kwanza ya kununua hisa zake, na asipotaka, kampuni izinunue. Ili kampuni iwe na pesa siku hiyo, iliwakatia kila mmoja bima ya maisha ya dola milioni 3.5. Mpango mzuri kabisa. Wangapi kati yetu wenye biashara za kifamilia wamefika hapo?

Michael akafariki mwaka 2013. Thomas hakutaka kununua mwenyewe. Bima ikalipa, na kampuni ikazinunua hisa za Michael kwa dola milioni 3, bei ambayo Thomas na mtoto wa marehemu walikubaliana kwa amani. Mirathi ikaripoti kwamba hisa zina thamani ya milioni 3.

IRS ikasema hapana. Kampuni bila bima ilikuwa na thamani ya dola milioni 3.86. Lakini siku Michael anafariki kampuni ilikuwa inapokea milioni 3 za bima kwa ajili ya ununuzi huo. Jumla milioni 6.86. Asilimia 77.18 ya hiyo ni karibu milioni 5.3. Kwa hiyo mirathi ikadaiwa kodi ya ziada ya dola 889,914.

Hoja ya Thomas ilikuwa kwamba hizo milioni 3 zisihesabiwe, kwa sababu zilishatengwa kununua hisa. Zinaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Kwa haraka inaingia akilini. Lakini majaji wote tisa waliikataa, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas (majina yamegongana tu). Na mimi nadhani walikuwa sahihi.

Chukua gunia la mahindi. Ukichota debe tatu, gunia linapungua debe tatu. Huwezi kusema kabla ya kuchota lilikuwa lilelile na baada ya kuchota ni lilelile. Kampuni ilibaki na thamani ya milioni 3.86 baada ya kutoa milioni 3. Basi kabla ya kuzitoa ilikuwa na 6.86. Hakuna uchawi hapo.

Lakini angalieni pia thamani ilikwenda wapi. Thomas alianza na asilimia 22.82 ya kampuni ya milioni 3.86, yaani kama dola 880,000. Hisa za Michael zilipofutwa, Thomas akabaki na asilimia 100 ya milioni 3.86. Upande wa marehemu ulipokea milioni 3 na kutozwa kodi kana kwamba umepokea 5.3. Sisemi kulikuwa na hila. Walielewana kwa hiari yao. Ila hesabu ndiyo hiyo, na mwenye kubeba mzigo wa kodi alikuwa yuleyule aliyeuza kwa bei ndogo.

Kilichoniuma zaidi kiko kwenye mkataba wao. Ulisema kila mwaka ndugu hao wakae chini, wakubaliane bei ya hisa, wasaini karatasi. Wasipofanya hivyo, wathamini wa nje waitwe kuthamini kampuni. Karatasi ya bei hawakuisaini hata mara moja. Na Michael alipofariki, wathamini hao hawakuitwa. Walilipia bima ya mamilioni, wakamlipa mwanasheria kuandika mkataba, wakashindwa na saini moja kwa mwaka! Mahakama yenyewe iligusia kwamba wangeweza kupanga tofauti: kila ndugu amkatie mwenzake bima kwa jina lake, amnunue yeye mwenyewe, na pesa ya bima isingepitia kwenye kampuni. Njia hiyo ina gharama zake pia, lakini ilikuwepo.

Kwa hiyo mtu akikuambia kodi ya mirathi inaua kampuni za familia, muulize kwanza mkataba uko wapi, bei imeandikwa lini, na pesa ya siku hiyo itatoka wapi.

Sasa, wa Nairobi na Dar, hili linatuhusu nini? Kenya ilifuta kodi yake ya mirathi mwaka 1982, na Tanzania leo haina kodi ya namna hiyo. Tungeweza kufunga mjadala hapa. Ila kuna vijana wengi sasa wananunua hisa za makampuni ya Marekani kwa simu zao. Na kuna wenzetu waliofanya kazi ughaibuni, wakalipwa sehemu ya ujira kwa hisa, wakarudi nyumbani hisa zikabaki kule.

Kwa hao Marekani ina sheria nyingine. Kama wewe si raia wala mkazi wa kule, ukifariki na hisa za makampuni ya Marekani, msamaha wako si milioni 15. Ni dola 60,000. Ndiyo, namba ileile aliyokuwa nayo Mmarekani wa mwaka 1950, na kwa mgeni haijasogea kwa miongo kadhaa. Ukiacha hisa za dola 100,000, na hakuna madeni wala gharama za kupunguza, kodi ni dola 10,800. Afrika nzima, nchi yenye mkataba wa kodi ya mirathi na Marekani ni Afrika Kusini peke yake.

Na Kifungu cha 303 hakitakusaidia kitu, kwa sababu Apple haitapokea simu ya mjane wako kutoka Tabata ili imnunulie hisa alipie kodi. Zaidi ya hapo, mawakala wa hisa wa kule mara nyingi hukataa kuziachia mpaka waone hati ya IRS kwamba kodi imemalizwa. Mama wa watu atahangaika na fomu za Washington wakati hata mirathi ya hapa mahakamani haijaisha.

Najua wengi wetu dola 60,000 tunazisikia kwenye bomba. Lakini mwenye miaka 28 anayeweka kidogo kidogo leo, akiwa na 55 anaweza kuwa amefika. Anayekaribia aandike sasa hisa zake ziko wapi na kwa nani, na amwambie mtu mmoja anayemwamini. Na wenye kampuni na ndugu au marafiki, kodi iwepo isiwepo, siku mmoja akiondoka mjane wake atakuwa na asilimia 40 ya kampuni na hana ada ya shule. Kaeni chini mwaka huu, muandike bei, muandike nani atanunua na kwa pesa ipi, msaini. Mwakani mrudie.

Ni hayo tu. Wenye kampuni za kifamilia, mkataba mnao? Mara ya mwisho kuandika bei ilikuwa lini? Uwanja ni wenu.